Nimemaliza kofia yangu ya kwanza ya kebo, sasa nataka sweta ya mtoto: vitanzi vyahesabiwa vipi?

binti_tudor

Salaam wanajamvi. Leo furaha imenijaa siwezi kuificha, nimemaliza kofia yangu ya kwanza ya kebo, ile misuko inayotokeza kwenye kitambaa, yaani imefungwa, imeshonwa ubavu, imefuliwa na imekauka, iko hapa mezani naiangalia tu. Kwa wasionijua, mimi natoka kwenye kroshia, vitambaa vya makochi na vya meza nimevifanya tangu niko shule na kindoana natembea nacho popote. Sindano mbili nimezianza mwaka huu, nikafuma skafu ya pleni, vile vitanzi laini, nikafuma ribu, ile mistari ya ukingo inayovutika, halafu roho ikataka kebo. Kila niliyemuuliza aliniambia kebo ni ya wazoefu, ngoja kwanza.

Wenzangu mnaoogopa nawaambia msingoje. Kebo ni pleni na palo, kitanzi cha nundu, zile zile unazozijua, kipya ni kitu kimoja tu, ukifika pale pa kusukia wavitoa vitanzi vitatu wavitia kwenye kijiti, kijiti wakiacha mbele ama nyuma ya kazi, wafuma vitatu vinavyofuata kwenye sindano, kisha warudi kwa vile vya kijiti navyo wavifuma. Basi, vimepishana. Kijiti kikikaa mbele msuko walala kushoto, kikikaa nyuma walala kulia. Mstari ule wenyewe wa kupishanisha hauonyeshi kitu, wabana tu mpaka sindano yalia, lakini fuma mistari minne mitano juu yake uone, ile pindi yasimama yenyewe. Nilipiga kelele nyumba nzima wakaja kuuliza kuna nini. Na kijiti sikununua, nilichukua cha mshikaki, nikakikata urefu wa kidole, nikakipiga msasa ncha zote mbili mpaka uzi haukwami, nikakisugua nta ya mshumaa kidogo.

Sasa maswali. Kofia ni ya mtoto wa dadangu, ana miaka miwili, wanaishi Limuru na baridi ya kule mwaijua. Dadangu ameona picha ataka na sweta ya kata mikono ya kufanana nayo, mimi nimekubali. Ila jambo moja lanitatiza, ribu ya chini ya kofia ilikaa sawa sawa na kichwa, lakini nilipoanza kupishanisha kitambaa kikaanza kujivuta ndani, sijapunguza hata kitanzi kimoja na upana unapungua. Kwa kofia haina neno, yavutika, lakini sweta ikijivuta hivo si haitaingia? Nipigeje hesabu? Na uzi je, hii nimetumia akriliki, nasikia kwa baridi ya Limuru sufu ndo yenyewe, lakini sufu hapa Mombasa naipata wapi kwa bei ya mtu wa kawaida. Halafu pateni, maelezo ya kufumia, niliyoipata mtandaoni yasema sindano namba 8, mimi ninazo namba 8, nimeachiwa na nyanyangu Mungu amrehemu, lakini nikijaribu yatoka ndogo kuliko walivyoandika. Nataka kebo tatu kifuani, ya katikati na mbili za pembeni ziwe zinatazamana.

Ahsanteni mapema.

Bi_wa_Kuze

Mashallah mwanangu, hongera, mikono isichoke. Umefanya vizuri kuanza na kofia, kazi ndogo yaisha upesi na moyo wapata nguvu.

Nianze na upana kwa sababu ukishaelewa hapo mengine yote yanyooka. Vitanzi sita vya pleni vimelala ubavu kwa ubavu, kila kimoja na nafasi yake. Ukivipishanisha, vitatu vimepanda juu ya vitatu, kwa hivo upana umegeuka unene. Wewe mtoto wa Mombasa umeona watu wakisuka ukili, miyaa ikiwa imetandazwa yajaza sakafu, ikishasukwa ni utepe wa vidole viwili na mgumu huo. Ni mambo yale yale. Ndo maana sweta ya kebo yapasha joto kuliko ya pleni kwa uzi ule ule, na ndo maana yala uzi zaidi, kwa hivo ukihesabu uzi ongeza kibonge kimoja juu, na vibonge vyote viwe na namba moja ya loti, yaani vilitiwa rangi pamoja, pale kwenye karatasi yake, rangi ya loti nyingine hata ikifanana dukani kifuani kwa mtoto yaonekana mstari.

Hesabu sasa. Mtoto wa miaka miwili kifua chake huwa karibu inchi 21, lakini usitegemee maneno yangu, mwambie dadako ampime. Ongeza inchi 2 za kupumua, ni 23, mbele pekee ni 11 na nusu. Uzi wa DK, ule wa unene wa wastani, kwa sindano ya milimita 4 watoa vitanzi 22 kwa sentimita 10, sawa na vitano na nusu kwa inchi moja. Zidisha, wapata kama vitanzi 63, fanya 64. Hiyo ni ya pleni. Kebo ya vitanzi sita, kwa kawaida, yala nafasi ya vitanzi viwili hivi. Kebo tatu zala sita. Kwa hivo wahitaji 70 ili upana ubaki ule ule.

Lakini usitie 70 tangu chini, ribu itatanuka ibaki inapepea. Tia 64, fuma ribu yako mpaka utosheke, na kwenye mstari wa mwisho wa ribu, ule wa upande wa ndani, ongeza vitanzi viwili viwili pale pale ambapo kila kebo itasimama. Ukimaliza mabegani fanya kinyume, punguza viwili juu ya kila kebo unapofunga, la sivyo bega litakaa na mawimbi.

Na sampuli, kile kipande cha kujaribia, mwanangu, nakuomba sana. Usifume sampuli ya pleni halafu useme umepima. Fuma kebo yenyewe na palo zake mbili kila upande, upishanishe mara tatu angalau, uifue, uikaushe ikiwa imelala, ndo uweke tepu. Hizo palo za pembeni usiziache hata siku moja, ndizo zinazoirudisha nyuma nyama ya kitambaa kebo ikatokeza. Kebo iliyozungukwa na pleni yazama haionekani.

Za pembeni zikitazamana ni rahisi, ya kulia kijiti kiende nyuma kila mara na ya kushoto kijiti kiende mbele kila mara, ama ugeuze zote mbili, ilimradi usibadilishe katikati. Kupishanisha kila mstari wa sita kwa kebo ya sita yatosha. Ukitaka ilegee zaidi fanya wa nane. Daima fanya kwenye upande wa mbele wa kazi, ndo maana namba hizo ni za kugawika kwa mbili.

Kuhusu sindano za nyanyako. Hizo ni namba za Kiingereza za zamani, na pateni yako bila shaka ni ya Marekani. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Zaidi ya hapo, zaenda kinyume, ya Uingereza namba ikipanda sindano yawa nyembamba, ya Marekani namba ikipanda sindano yanenepa. Namba 10 ya nyanyako ni milimita 3 na robo, namba 10 ya Mmarekani ni milimita 6! Zinazokutana ni namba 7 peke yake, kote ni 4 na nusu. Wewe sahau namba, angalia milimita tu. Pateni ikisema milimita 5 ina maana pia uzi wao ni mnene kuliko DK, usiifuate kwa uzi mwembamba ukategemea vipimo vile.

mtu_wa_bara_bamburi

Hongera dada. Mimi ni mwanaume na nafuma, kwetu Nyandarua shuleni tulifundishwa wavulana kwa wasichana, sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli tumezinoa kwenye jiwe, na sweta nzima zilitoka hapo.

Kwa sufu nakushauri usianzie dukani, anzia Kongowea kwenye mitumba. Huku Pwani sweta nzito za sufu hazina wateja wengi, zakaa chini ya fungu, na ukiongea vizuri na muuzaji zashuka bei kuliko vibonge viwili vya dukani. Tafuta sweta kubwa ya mwanaume, kutoka sweta moja wapata uzi wa sweta ya mtoto na wabaki nao. Lebo nyingi si za Kiingereza, kwa hivo shika haya, wool, laine, lana, Wolle, yote ni sufu. Angalia asilimia.

Kabla hujalipa igeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Hapa ndo watu wengi wanapoteza pesa. Kama pembeni kumekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyembamba za ovaloki, iache, hiyo ilikatwa kutoka kitambaa kikubwa na ukiifumua wapata vipande vya urefu wa mkono mmoja mmoja, hakuna uzi hapo. Unayotaka ni ile ambayo pembeni vitanzi vimegeuka vizima, vipande viwili vimeunganishwa kwa mnyororo wa uzi tu. Ule mnyororo ukiupata mwanzo wake wavuta wafunguka wote. Pia ivute kidogo kwa vidole uone kama vitanzi vyaachana, sufu iliyofuliwa kwa maji moto huwa imegandana haifumuki tena.

Nyumbani tenganisha vipande, anza kufumua kutoka juu shingoni na mabegani, pale ilipofungwa, ukianzia chini uzi unakwama kila kitanzi. Zungushia mgongo wa kiti, funga sehemu nne kwa kipande cha uzi mwingine isivurugike, loweka maji ya vuguvugu na sabuni kidogo bila kusugua, kisha itundike na chupa ndogo ya maji chini yake. Ikikauka yale mawimbi yamenyooka. Ukifuma na uzi wenye mawimbi kebo inatoka na vitanzi vikubwa vidogo, mawimbi lazima yatoke.

Kama hakuna lebo kata kipande kidogo uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto wazima wenyewe na majivu yapondeka. Akriliki inayeyuka inaacha kijidonge kigumu. Pamba inanuka karatasi. Fanya juu ya sinki.

likoni_pamba

Hongera mpenzi, kofia tuonyeshe picha ya karibu bana.

Mimi nakubaliana na wote ila kwa kitu kimoja naongea tofauti, kwa mtoto wa miaka miwili mimi singemdharau akriliki. Mtoto wa umri huo atapika, amwaga uji, ajipaka udongo, na dadako ana kazi zake, sweta ya sufu ya kufua kwa mkono na kulazwa juu ya taulo ataivalisha siku ya picha tu. Akriliki yaenda mashine yatoka iko sawa. Joto la kebo lenyewe litasaidia. Sufu safi mtunzie mtu mzima anayejua kuitunza.

Na wale mnaofumia watoto wa hapa hapa Mombasa, manake Kusi likivuma mwezi wa saba asubuhi mapema na sisi twavaa, tumieni pamba ama pamba iliyochanganywa na akriliki. Pamba tupu ni nzito na haina mvuto, kebo ya pamba mkono wako utauma kwa sababu uzi hautanuki ukipishanisha, basi legeza ule mstari kabla ya kupishanisha ama panda nusu milimita ya sindano. Lakini ikitoka, kebo ya pamba ni safi, kila kitanzi wakihesabu kwa macho.

Jingine la sisi wa huku ni jasho. Mchana mwezi wa pili akriliki yashikamana na sindano, vitanzi haviendi. Osha mikono, kausha, paka poda ya mtoto kidogo kama uzi si mweusi. Sindano za mwanzi ni nzuri kwa kebo, vitanzi vikiwa wazi havitoroki haraka, ila zile za bati za zamani kwa hewa yetu ya chumvi zashika kutu na madoa, zifute na uzihifadhi kavu. Na ukifuma kwenye matatu ama ukingoja feri tumia sindano za duara hata kwa kazi ya kwenda na kurudi, hazimchomi mwenzio mbavuni na kazi ikianguka haitoki.

binti_tudor

Jamani nimesoma yote na nimeandika kwenye daftari. Bi wa Kuze shikamoo na ahsante sana, hilo la sindano limenifungua, nilikuwa najua ni mkono wangu wabana kumbe ni namba. Kaka wa Bamburi, Jumamosi niko Kongowea inshallah, huo mshono wa ovaloki nitauangalia kwanza. likoni_pamba hoja yako kuhusu kufua ni kweli kabisa, dadangu huyo namjua. Nafikiri nitachanganya, nikipata sufu ya mtumba iliyochanganywa na nailoni ama akriliki ndo nitafuma hiyo.

Mawili yamebaki. Kofia ilikuwa na kebo aina moja tu nikaishika kichwani, sweta ina kebo tatu kwa hivo nina chati, vile viboksi. Nikigeuza kazi upande wa ndani naisoma vipi? Na ikitokea kebo moja imelala upande si wake na nimeshapanda mistari kumi, lazima nifumue zote tatu?

Bi_wa_Kuze

Marahaba mwanangu.

Chati soma kutoka chini kupanda juu. Mstari wa mbele wasoma kutoka kulia kwenda kushoto, ule ule mwelekeo unaofuma. Ukigeuza kazi wasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kila alama waigeuza, kiboksi cha pleni kwa nyuma ni palo, na cha palo ni pleni. Lakini kusema kweli kwenye kebo upande wa nyuma huna haja ya kusoma kitu, angalia vitanzi vyenyewe, kinachokutazama kwa nundu kifume kwa nundu, kilicho laini kifume laini. Ungekuwa wafuma kwa mzunguko ingekuwa kila mstari kutoka kulia, basi. Weka rula juu ya mstari ulioko, si chini yake, ili uone ulichokwisha fuma na ukilinganishe na kazi iliyo mkononi.

Kuhesabu umepanda mistari mingapi tangu ulipopishanisha, ivute kazi kidogo ubavuni mwa kebo, kuna kitundu kidogo pale vitanzi vilipovuka. Ingiza kidole kwa nyuma hapo, hesabu vile vijiti vya uzi vinavyokatiza juu ya kidole, kila kimoja ni mstari. Jifunze hilo na hutahitaji kuandika alama kwenye karatasi.

Ikilala vibaya usifumue sweta nzima, hapana. Fuma mpaka ufike juu ya kebo ile ile, vitoe vitanzi vyake sita tu kwenye sindano, uviache viteremke ngazi ngazi mpaka pale pa kupishanisha. Vingine vyote vimekaa salama kwenye sindano. Hapo chini sasa una vitanzi sita wazi, vitie kwenye vijiti viwili, vitatu vitatu, vipange upya vilale unavyotaka, kisha chukua ule uzi wa ngazi ya kwanza, wa chini kabisa, ufume vitanzi sita kwa uzi huo, kisha wa pili, mpaka urudi juu. Wewe unayetoka kwenye kroshia hili lafaa mkono wako, kindoana chako ndo chombo chenyewe, wapandisha kitanzi kimoja kimoja kwa kindoana. Nyuzi za ngazi zitaonekana ndefu ama fupi kidogo, usizivute, ukishafua zajipanga.

Na kabla ya kila kupishanisha kwa mara ya kwanza kwanza, pitisha uzi wa rangi nyingine kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, uache humo. Uzi laini wa pamba. Ukihitaji kufumua wajua kazi itasimama hapo haiendi chini zaidi.

mjukuu_wa_mvuvi

Mimi sifumi ila mke wangu anafuma na tumesoma uzi huu pamoja. Kuna mtu alituambia kebo ni za wavuvi wa Ireland, na kila ukoo una msuko wake ili mtu akizama na kuokotwa siku nyingi baadaye watu wamjue ni wa nani kwa sweta yake. Sisi wa pwani hiyo habari ilitugusa sana. Ni kweli?

mtu_wa_bara_bamburi

Visiwa ni vya kweli kaka, ni visiwa vya Aran, vitatu, viko pwani ya magharibi ya Ireland, na sweta za kebo zinazojulikana zaidi duniani zina jina lao. Lakini hiyo ya kila ukoo na msuko wake haina ushahidi, ni hadithi iliyokua na biashara. Sweta zenyewe si za kale vile, zimeshika umbo tunalolijua kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na kina mama wa kule walikuwa wanazifuma kwa kuuza pia, ni kipato cha nyumba. Mimi hilo naliona zuri kuliko hadithi ya maiti. Mwanamke anakaa kisiwani penye upepo na mawe, anavumbua misuko kwa kumwangalia jirani na kujaribu, na dunia nzima inamfuata.

Ambalo ni kweli ni kuwa walitumia sufu isiyotolewa mafuta yake yote ya kondoo, kwa hivo maji yanateleza kidogo na mtu hapoi haraka. Siku ukipata sufu ya kusokotwa kwa mkono, na Nanyuki kuna kina mama wanaisokota, inuse, utajua mafuta ninayosema.

likoni_pamba

Turudi kwa sweta ya mtoto kabla haijasahaulika, kumalizia ndo kunaharibu kazi nzuri.

Ukipata uzi wenye sufu nyingi, ukimaliza vipande usivishone bado. Viloweke maji ya baridi, vikunje ndani ya taulo uvikamue kwa kukanyaga, usivisokote, kisha vilaze juu ya godoro ama mkeka wenye taulo kavu, uvivute kwa mikono mpaka vifike vipimo na uvibane na pini zisizoshika kutu. Kebo usiikandamize, ipapase kutoka pembeni ijitokeze. Iache chini ya feni, usiianike juani, jua letu lala rangi na upande mmoja wakauka kabla ya mwingine. Hewa ikiwa nzito yachukua muda, mpe muda wake, sufu iliyoshonwa mbichi yatoa harufu na ukungu.

Ikiwa ni akriliki maji hayafanyi kitu kikubwa, ni mvuke. Shikilia pasi juu bila kugusa, mvuke upite, basi. Pasi ya moto ikilala juu ya kebo ya akriliki yaiua, yawa bapa na yang'aa na hairudi tena maisha. Nasema hili kwa sauti kubwa kwa sababu nyumbani kila mtu akiona nguo mpya huchukua pasi, mwambie na dadako.

Kwa kuihifadhi mpaka ipate mtu wa kuipeleka Limuru, iwe kavu kabisa, kwenye mfuko wa kitambaa si wa plastiki, na karafuu kidogo ndani. Nondo hupenda sufu, akriliki haiwahangaishi.

binti_tudor

Pasi nitaificha! Shingo je, niifanye ya mviringo ama ya V? Kebo ya katikati nataka ifike juu.

Bi_wa_Kuze

Ya mviringo, ili kebo ya katikati isikatwe mapema. Ila jihadhari, mtoto wa miaka miwili kichwa chake ni kikubwa kuliko unavyodhania ukilinganisha na mwili, kinakaribia inchi 19, na kebo za mbele hazitanuki. Shingo ikifungwa kwa mkono mzito haipiti na mtoto atalia kila akivishwa. Funga shingo kwa sindano iliyo nene kidogo kuliko uliyofumia, kwa kulegeza, na bega moja usilishone, acha wazi, fuma ribu mistari michache kila upande, weka vifungo vitatu.

Vifungo vya kifuu vitapendeza sana na sufu, Mji wa Kale utavipata kwa wanaouza vitu vya kifuu. Chagua vyenye matundu mapana uzi ule ule wa sweta upite, na ukivishona pitisha uzi mara nyingi, fundo lizame ndani ya ribu, uvute kwa nguvu uone, mtoto wa umri huo kila kitu chaenda mdomoni.